Mindful Self-Compassion: tathmini ya kozi ya wiki nane ya kujitendea kwa upole

Mafunzo mengi ya kujipenda yanauzwa kwa sifa. Simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni mshindi, rudia mara kumi kila asubuhi. Watu hujaribu siku chache wakaacha, kwa sababu moyo haukubali maneno ambayo mwenye moyo hayaamini. Mindful Self-Compassion, kwa kifupi MSC, inaanzia pengine kabisa: dakika ile umekosea, umeaibika au umechoka, unajitendeaje? Kisha inakupa hatua za kufuata dakika hiyohiyo. Na tofauti na kozi nyingi za aina hii, inakutajia mapema mambo yatakayokwenda mrama na namna ya kuyashughulikia. Kwetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza, pamoja na kasoro zake tutakazozitaja.

Kozi iliandaliwa mwaka 2010 na Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, pamoja na Christopher Germer, mwanasaikolojia wa tiba anayefungamana na Harvard Medical School. Ina vikao nane, kimoja kwa wiki, kila kimoja kati ya saa mbili na nusu na saa tatu kasorobo, na baada ya nusu ya kwanza kuna mapumziko ya ukimya ya saa 4. Kwa kawaida kundi huwa na walimu wawili: mmoja anaongoza, mwingine anawaangalia washiriki ili aone nani amezidiwa. Nyumbani unatarajiwa kufanya mazoezi kama nusu saa kwa siku, ukichanganya ya kukaa kimya na ya papo kwa papo. Kuwafunza walimu na kuisambaza kozi ni kazi ya Center for Mindful Self-Compassion, shirika lisilo la faida la Marekani. Tovuti yao ina orodha ya walimu waliopita mafunzo hayo. Mtu akikuuzia kozi kwa jina hili na hayumo kwenye orodha, muulize kwanza alifunzwa wapi kabla ya kutoa pesa.

Kila zoezi limejengwa juu ya mambo matatu: upole kwa nafsi, kutambua kwamba binadamu wote hukosea na huumia, na umakini, yaani kuona hisia ilivyo bila kuikuza wala kuikimbia. La pili ndilo wanafunzi huliruka haraka, na ndilo linalowaokoa wengi. Aibu humwambia mtu kwamba yeye peke yake ndiye aliyefeli, ndiye mwenye ndoa iliyovunjika, ndiye asiyeweza kulea. Ukiondoa jambo hilo la pili, upole unageuka kujililia, na umakini unakuwa kuyatazama maumivu yako ukiwa umejifungia nayo.

Wiki ya kwanza inakufundisha kituo kifupi cha huruma, zoezi la dakika 1 hadi 5 ambalo lingetosha kuihalalisha kozi hata kama usingebaki na kingine. Chagua tatizo la wastani. Katika kipimo cha 1 hadi 10, lichukue lenye uzito wa 3, pengine neno la bosi lililokuchoma au deni dogo linalokusumbua. Hisi mwilini linakokaa. Sema taratibu: "Hili linaniuma." Vuta pumzi. "Si mimi peke yangu, na wenzangu hupitia haya." Vuta pumzi tena. Weka mkono mahali panapokutuliza, kisha useme: "Nijitendee kwa upole." Kosa la kawaida ni kuanza na jeraha la uzito wa 9, mtu akitaka kumaliza la miaka kumi kwa jioni moja. Kosa la pili ni kukimbilia sentensi ya tatu. Bila ya kwanza, mwili haujakiri kwamba pana maumivu, na upole hauna pa kutua.

Mkono nao una hesabu yake. Kozi inaeleza kwamba sisi, kama wanyama wote wanaonyonyesha, hutulizwa na joto, mguso laini na sauti ya upole, na kwamba mtu anayejikemea huiwasha ndani yake ileile hali ya kujihami inayowashwa na adui. Ndiyo maana mguso umo karibu katika kila kikao. Mkono kifuani ndio mfano unaotumika zaidi, lakini wako ambao kifua huwabana wakigusa hapo. Hao wajaribu tumboni, shavuni, kukumbatia mikono yao wenyewe, au kiganja kimoja ndani ya kingine mapajani. Huu wa mwisho ndio wa kutumia ndani ya daladala au kwenye mkutano, maana hakuna atakayejua unafanya nini. Mguso usiokutuliza uache mara moja, usijilazimishe.

Wiki ya pili ni ya umakini, na zoezi lake bora ni la nyayo. Simama. Sogeza uzito mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, ukihisi mabadiliko chini ya miguu. Zungusha magoti kidogo. Tembea polepole, uhisi unyayo ukiinuka, ukisogea, ukitua. Akili ikitoroka, irudishe miguuni. Viatu si tatizo. Kwa mtu mwenye hasira au hofu kubwa, zoezi hili ni salama kuliko kufuata pumzi, kwa sababu pumzi iko karibu na kifua ambako hofu yenyewe imekaa, na nyayo ziko mbali nayo. Foleni ya benki ni mahali pazuri pa kulifanya.

Wiki ya tatu unatafuta maneno yako mwenyewe ya kujitakia mema. Maswali ni mawili: nahitaji nini hasa maishani, na ni maneno gani ningependa kunong'onezwa sikioni kila siku? Majibu yake unayageuza kuwa matakwa mafupi: "Niwe salama." "Niwe na amani." "Nijikubali nilivyo." Hapa wengi huteleza kwa kuandika madai: "Mimi nina amani, mimi nina nguvu." Akili hujibu papo hapo, si kweli, na mabishano yanaanza. Takwa halibishaniwi. Sentensi mbili hadi nne zinatosha. Zikizidi hapo utakuwa unakariri, na kukariri hakumpozi mtu. Zikikauka baada ya wiki, badilisha neno moja tu, kisha endelea.

Kozi inafundishwa zaidi kwa Kiingereza, na kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Msikilize mwalimu kwa Kiingereza, lakini maneno ya kujisemea yawe ya lugha uliyobembelezewa nayo utotoni, iwe Kiswahili, Kichaga, Kikamba au Kikongo. Ukifika kwenye zoezi la barua ya huruma, yaani barua ya upole unayojiandikia mwenyewe, anza kama mkubwa wa kwenu angeanza: "Mwanangu," au kwa namna ya watu wa pwani ambao humwita mtoto wa kiume "baba" na wa kike "mama" wanapotaka kumtuliza. Barua inayoanza kwa jina lako la kwenye cheti husomeka kama barua ya ofisi. Wakati wa mazungumzo ya makundi madogo unaweza kusema kwa ufupi kwamba umeandika kwa lugha yako. Kushiriki ni hiari na hakuna anayelazimishwa kusoma alichoandika.

Wiki ya nne ndiyo moyo wa kozi. Inashughulika na sauti ya ndani inayokaripia. Unachagua tabia unayojilaumu nayo na ambayo kweli inakudhuru, ya kiasi, kwa mfano kuwapandishia watoto sauti au kumaliza mshahara wiki ya kwanza. Unaandika kile unachojiambia, maneno na toni yake. Unatua kidogo uhisi jinsi kauli hiyo inavyouma. Kisha unauliza swali gumu: sauti hii inajaribu kunikinga na nini? Mara nyingi kuna woga chini yake, woga wa kudharauliwa au kufukuzwa au kurudi kwenye umaskini. Ukiupata, unaushukuru, ndipo unaipa nafasi sauti nyingine, ile inayokutaka ubadilike kwa sababu inakupenda na haitaki uumie. Nayo unaiandika.

Hatua ya kushukuru ndiyo yenye hatari, na kozi inalisema hilo wazi. Kama sauti inayokukaripia ni ya mtu aliyewahi kukutesa, usiitafutie wema. Ruka hatua hiyo, jihurumie kwa uliyoyapitia, uende moja kwa moja kwenye sauti ya upole. Ukijifunza kwa rekodi peke yako, andika onyo hili juu ya ukurasa kabla ya kuanza, kwa sababu hapa ndipo mtu anayejifunza bila mwalimu huumia.

Hapa pia ndipo kujiamini kunapoanza kujengwa. Hofu ya wengi ni kwamba wakiacha kujikaripia watakuwa wavivu. Lakini anayejua kwamba akianguka hatasagwa na nafsi yake mwenyewe huthubutu kujaribu tena na kukiri kosa mapema. Wiki ya tano inaongeza thamani za msingi: unaandika unataka kusimamia nini, kinachokuzuia nje, kinachokuzuia ndani, kisha unaweka nadhiri ndogo ya kuirudia kila siku. Nadhiri hiyo iwe nyepesi. Ahadi tano kubwa zikivunjwa kabla ya Ijumaa huwa zimeifundisha nafsi kwamba neno lako halina uzito.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingetosha peke yake kuiweka kozi hii juu ya nyingine. Unaweza kuanza kujitendea vizuri na hali ikawa mbaya zaidi. Machozi yanatoka bila sababu, kumbukumbu za zamani zinapanda, sauti inasema "sistahili," mwili unakufa ganzi, usingizi mzito unakuvamia katikati ya zoezi, au unamkasirikia mwalimu bure. Walimu huiita backdraft, neno la wazimamoto: chumba kilichofungwa moto ukiwa ndani hukosa hewa, na mlango ukifunguliwa ghafla hewa inaingia na ndimi za moto zinaruka nje. Moyo uliofungwa muda mrefu hutenda vivyo hivyo upendo ukiingia. Maumivu hayo ni ya zamani, zoezi halikuyaumba. Lakini mtu ambaye hakuambiwa hudhani amelogwa, au kwamba yeye ni mbovu kuliko alivyofikiri, na huacha.

Dawa yake inafundishwa kwa mpangilio. Taja hisia kwa jina, kwa sauti ya upole: "Hii ni aibu." "Hii ni huzuni." Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA walichapisha mwaka 2007 utafiti wa picha za ubongo ulioonyesha kwamba kuipa hisia jina hupunguza mwitikio wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Kama haitoshi, rudi kwenye nyayo. Kama bado, simamisha zoezi kabisa: fungua macho, osha vyombo, chemsha chai, toka nje utembee. Kozi inahesabu kusimama kuwa ni zoezi lenyewe, kwa sababu swali la msingi ni "nahitaji nini sasa?" na jibu linaweza kuwa "kuacha." Kuna nyakati za kujifungua na nyakati za kujifunga, na mwanafunzi ndiye anayeamua. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wanaoumia zaidi katika wiki hizi ni wale wenye bidii, wanaodhani kuacha ni kushindwa.

Mapumziko ya saa 4 tunayaona kuwa sehemu dhaifu kwa wanaosomea nyumbani. Ukimya wa saa 4 unahitaji nyumba inayokubali kunyamaza. Kwenye chumba kimoja na watoto, au karibu na karakana, utaishia kugombana na majirani moyoni. Omba chumba cha ndugu kwa nusu siku, au kaa bustanini.

Wiki ya sita inarudi kwenye hisia nzito kwa zoezi la kulainisha, kutuliza na kuruhusu. Taja hisia, itafute mwilini, chagua sehemu moja inayouma zaidi, ilegeze kama unavyolegea ukioga maji ya moto, weka mkono, kisha iache ikae. Linaharibika mtu anapolegeza ili hisia iondoke. Mwili hutambua hila hiyo na hukaza zaidi. Wiki ya saba ni ya mahusiano magumu na uchovu wa wanaolea. Muuguzi, mama mwenye mtoto mgonjwa, au kijana anayelisha ukoo mzima kwa mshahara mmoja, atafaidika zaidi hapa. Pumzi ya kuingia unajitakia wewe, ya kutoka unamtakia mwenzako, huku ukijikumbusha kwamba si wewe uliyesababisha mateso yake yote na huna uwezo wa kuyaondoa yote. Ukiwa umeishiwa nguvu, elekeza pumzi nyingi kwako. Usilazimishe pumzi kubwa, utapata kizunguzungu. Wiki ya nane ni ya shukrani na kufunga, na ni nyepesi.

Je, inafanya kazi? Jaribio la Neff na Germer lililochapishwa mwaka 2013 lililinganisha washiriki 25 na wengine 27 waliokuwa wakisubiri zamu. Waliosoma walipata huruma zaidi kwa nafsi, na sonona, wasiwasi na msongo vikapungua. Waliofuatiliwa baada ya miezi 6 na baada ya mwaka walikuwa bado na mafanikio hayo. Kundi ni dogo, wengi walikuwa wanawake wa umri wa karibu miaka 50, watafiti ndio waandaaji wa kozi, na waliosubiri hawakupewa kitu kingine cha kulinganisha. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2016 na Anna Friis na wenzake wa Auckland, New Zealand, lilihusisha wagonjwa 63 wa kisukari cha aina ya kwanza na ya pili. Miezi 3 baada ya kozi, HbA1c ya waliosoma, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, ilikuwa imeshuka kwa karibu pointi 1 ya asilimia. Anayejichukia kwa kuugua huona tabu kujitunza, na matokeo hayo yanaendana na jambo hilo. Dawa zako usiziguse bila daktari.

Kuhusu dini: mazoezi ya kujitakia mema yana asili katika Ubudha, ingawa kozi yenyewe inafundishwa bila dini yoyote na haikudai imani. Muislamu anaweza kuyaweka matakwa yake katika sura ya dua na Mkristo katika sala, na muundo wa zoezi hautaharibika. Asiyependa kabisa kukaa kimya na kufumba macho aweke uzito kwenye kituo kifupi, nyayo na barua.

Vikao vya mtandaoni vinataka mahesabu. Kikao cha saa 12 jioni ya London huwa saa 3 usiku kwa Nairobi na Dar es Salaam wakati wa baridi ya Ulaya, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao. Kikao cha saa 11 jioni ya California ni saa 10 alfajiri au saa 9 usiku kwetu, kwa hiyo kiepuke. Saa za Marekani hubadilika Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, za Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kozi ikivuka tarehe hizo utakosa kikao usipokuwa macho. Kozi nzima ni kama saa 26 za video. Kwa makadirio ya gigabaiti 1 kwa saa au zaidi, tenga angalau 30. Intaneti ikiyumba, mjulishe mwalimu mapema kwamba huenda ukazima kamera. Ada hupangwa na mwalimu na baadhi wana viwango vya chini kwa walioko nchi za kipato kidogo, ila lazima uulize, kwa kuwa aghalabu hawaitangazi.

Asiye na ada hana sababu ya kukata tamaa. Tovuti za Neff na Germer zina rekodi za bure za mazoezi haya, na ya Neff ina pia dodoso lake la maswali 26. Kila swali lina jibu la 1 hadi 5. Maswali ya upande wa kujihukumu hugeuzwa: toa jibu lako kwenye 6. Wastani chini ya 2.5 huhesabiwa kuwa mdogo, hadi 3.5 wa kati, juu ya hapo mkubwa. Lijaze kabla ya kuanza na tena baada ya wiki nane, si kila Jumapili. Ukisoma peke yako, chukua wiki mbili kwa kila kikao badala ya moja, na ufungamanishe zoezi na jambo ambalo tayari unalifanya: maji ya chai yakichemka, ukimaliza kupiga mswaki, kabla ya kufungua mlango ukirudi kazini. Dakika 1 kila siku hufika mbali kuliko dakika 45 za Jumamosi.

Kozi hii si tiba, na walimu wake husema hivyo. Mwenye mawazo ya kujiua, aliyetoka kwenye tukio la kutisha hivi karibuni, au anayesikia sauti, aanzie kwa wataalamu, kama kitengo cha afya ya akili Muhimbili, Mirembe Dodoma au Mathari Nairobi. Aje kwenye kozi baadaye, daktari wake akijua. Aliyeacha pombe hivi karibuni naye asubiri atulie kwanza, maana wiki ya sita huchokoza maumivu yaleyale aliyokuwa akiyanywea. Kwa aliyebaki, yaani mtu anayefanya kazi yake, anatunza watu wake, na akikosea anajisemea maneno ambayo hangethubutu kumwambia mtoto wa jirani, tunaipendekeza bila kusita. Akiweza kulipia, achague kundi lenye walimu wawili. Akishindwa, achukue rekodi na mwenzi mmoja wa kusoma naye, wapigiane simu kila wiki kwa dakika 20, na kila mmoja aseme zoezi gani lilimkwama wiki hiyo.